Mjukuu wangu akirudi kutoka kwa babake Malindi haongei siku tatu. Je, nimpeleke ushauri nasaha?

Swali: Mimi ni bibi wa miaka 63, niko Lamu, Langoni. Binti yangu aliachwa mwaka jana, akarudi nyumbani na wanawe wawili, msichana wa miaka 15 na mvulana wa miaka 9. Baba yao yuko Malindi na ameshaoa tena. Mvulana huenda kwa babake wakati wa likizo. Akirudi hukaa siku tatu haongei na mtu, kisha huanza ujeuri kama wa babake. Tangu Ramadhani amerudia kukojoa kitandani. Nimemnywesha kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, na maalimu wake wa chuo cha Kurani amemsomea. Dadake hataki hata kusikia jina la babake. Sasa mwalimu wa shule anasema mvulana apelekwe ushauri nasaha. Mimi naona mtoto huyu si mwendawazimu, na mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Kwani watoto si husahau? Na huyu msichana, tumlazimishe aende kwa babake?

Jibu:

Shikamoo Bibi. Ahsante kwa kuandika, na pole kwa mzigo uliokuangukia wakati ambao ungepaswa kupumzika.

Nianze na la wendawazimu, kwa sababu naona ndilo linalokuzuia. Mjukuu wako si mwendawazimu, na mwalimu hakusema hivyo. Ushauri nasaha kwa mtoto wa umri wake ni kumpatia mtu mzima mmoja ambaye si wa upande wa mama wala wa upande wa baba, awe akikaa naye mara moja kwa wiki, dakika 40 au 50, mahali penye utulivu, apate kusema asiyoweza kuyasema nyumbani. Mshauri nasaha hampi dawa, wala hamwandiki kichaa mahali popote. Kombe na dua ziendelee. Mtoto anayesomewa na maalimu anayempenda hupata utulivu wa kweli, na sioni sababu ya kumnyima. Ila kusomewa ni jambo moja, na kusikilizwa ni jingine. Kwa ulivyomweleza, huyu ana mengi ya kusikilizwa.

Kuhusu mambo ya nyumbani kutotolewa nje, nakubaliana nawe kabisa kwamba hayafai kupelekwa barazani wala kwa majirani. Mshauri nasaha ana wajibu wa kutunza siri, hata kwako wewe na kwa wazazi wa mtoto. Atavunja siri hiyo pale tu anapoona maisha au usalama wa mtoto umo hatarini, na mshauri mzuri huwaeleza hivyo nyote siku ya kwanza, mtoto akiwa anasikia.

Umeuliza kama watoto husahau. Wengi huzoea, na hilo liwape moyo. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefuatilia familia nyingi huko Virginia kwa miaka zaidi ya 20, alikuta kwamba kiasi cha robo ya watoto ambao wazazi wao waliachana walibaki na matatizo makubwa ya hisia, tabia au mahusiano. Katika familia ambazo hazikuvunjika ilikuwa kiasi cha mmoja katika kumi. Kwa hiyo watatu kati ya wanne hutengemaa, na kwa wengi mambo hutulia baada ya miaka miwili hivi ya mwanzo. Lakini huyo wa nne yupo, na hasahau mwenyewe tu kwa kuachwa. Tafiti nyingi zimeonyesha pia kwamba jambo linalomuumiza mtoto zaidi ni ugomvi wa wazazi unaopitia kwake, uwe kabla ya talaka au baada yake.

Kwetu pwani talaka si jambo la kufichwa. Mwanamke akiachwa hurudi kwao, akapokelewa kama ulivyompokea binti yako, na akijaaliwa huolewa tena. Hiyo ni rehema kubwa. Lakini kwa kuwa wakubwa tumeizoea, tunadhani na mtoto ameizoea. Darasani kwake huenda wako wengi waliopitiwa na jambo hilihili, na kila mmoja wao anaamini yuko peke yake.

Sasa tuje kwenye zile siku tatu.

Niliwahi kukaa na mtoto wa umri kama huo aliyekuwa akisafiri njia hiyohiyo, basi kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Akifika jeti ya Mokowe alikuwa akivua shati alilonunuliwa na babake, analikunja na kulitia chini kabisa ya begi, anavaa lile aliloondoka nalo nyumbani, ndipo anapanda boti. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ila safari moja aliulizwa, "Hili nani kakununulia, yeye au mkewe?" na akauona uso wa mamake ulivyobadilika. Tangu siku hiyo alijua kwamba kuna vitu vya Malindi visivyofaa kuonekana Lamu. Baada ya nguo zikafuata habari, kisha furaha, mwisho akawa hana la kusema kabisa.

Mtoto wa namna hiyo hunyamaza kwa sababu kila analoweza kusema litamuumiza mtu. Akisema alifurahi, mama ataumia. Akisema hakufurahi, amemsengenya baba, na pengine hatapelekwa tena. Kwa hiyo anakaa kimya mpaka arudi kuwa mtoto wa nyumba ya Lamu, na siku tatu ndizo anazohitaji. Kwa hilo pekee nisingekuwa na wasiwasi mkubwa.

Likizo ijayo akishuka botini, mpokee begi, mpe chakula, aoge, alale. Habari za nyumba ya babake asiulizwe: walipika nini, mke wa baba anavaa nini, wanagombana au hawagombani, pesa zipo au hazipo. Ukitaka kuzungumza, uliza habari zake mwenyewe: alioga baharini, alicheza mpira na nani, basi lilijaa au alipata kiti cha dirishani. Akiwa na la kusema atalisema kwa wakati wake, na mara nyingi ni pale mtu asipomkodolea macho, wewe unakuna nazi naye anakuchambulia mchele. Ukimsikia anataja Malindi, endelea kukuna. Mwitikie tu "enhe", basi.

Bibi, nisamehe, kuna maneno katika swali lako ambayo nataka tuyaangalie pamoja. Umesema ana "ujeuri kama wa babake". Najua hukukusudia ubaya. Karibu kila nyumba yenye talaka husema hivyo. Lakini huyu mtoto anajua ametoka kwa mtu huyo. Ana sura yake, anatembea kama yeye, na watu wa mtaani humwambia hivyo kila siku. Kila kosa lake likipewa jina la babake, mwisho ataona kwamba naye atakuja kukataliwa katika nyumba hii kama baba alivyokataliwa. Wengine huzidisha ujeuri makusudi, wapate kujua ni lini watafukuzwa. Kosa lake na liwe lake. Umemjibu mamako vibaya, nenda kamwombe radhi. Iishie hapo.

Neno hilo umfikishie na binti yako, na wewe ndiye unayeweza kumfikishia, kwa sababu ni mamake. Ameachwa, ameona mwenzake akioa upesi, na kila likizo anamtoa mwanawe kwenda nyumba ambayo si yake tena. Ana haki ya kulia. Alie kwako, kwa dadake, au kwa mshauri wake mwenyewe, lakini asilie kwa mvulana wa miaka tisa. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inakataza mama kutiwa madhara kwa ajili ya mtoto wake, na inakataza vilevile kwa baba. Mimi huisoma kama ulinzi wa mtoto pia, kwani yeye ndiye kamba wanayovutana.

Masurufu nayo yasipitie kwake. "Mwambie babako hajatuma" ni sentensi fupi, lakini mtoto huibeba njia nzima mpaka Malindi, na akifika hajui aiseme kabla ya kula au baada ya kula. Baba atume moja kwa moja kwa mama kwa M-Pesa, na kama hatumi, wakubwa wakalizungumze kwa kadhi, kwa afisa wa watoto au mahakamani. Kuna wanaomzuilia mtoto asiende kwa sababu pesa hazijaja. Naelewa hasira hiyo, lakini siiungi mkono. Kutunzwa na babake ni haki ya mtoto na kumwona babake ni haki yake pia; akinyimwa ya pili kwa kukosa ya kwanza, atakuwa amekosa zote mbili.

Jambo jingine ambalo wakubwa hawalikumbuki ni matumaini. Talaka rejea, ile ambayo mume anaweza kumrejea mkewe kabla ya kwisha eda, yaani muda wa mke kungoja, inamwacha mtoto njia panda. Anawasikia watu wazima wakisema "eda haijesha, huenda wakarejeana", na yeye anahesabu. Eda ikisha hakuna anayemwambia kwamba imekwisha. Baba akija Lamu kwa maziko, akamsalimia mama kwa heshima, mtoto anaanza upya kutumaini, usiku anaomba dua, asubuhi hakuna kilichobadilika. Watoto wa miaka saba, nane, tisa huamini pia kwamba wao ndio waliosababisha, kwamba kama wasingegombana na dada yao, au wangehifadhi juzuu upesi, baba asingeondoka. Hawalisemi hilo mpaka waulizwe na mtu wanayemwamini, na mara nyingi ndilo la kwanza kutoka katika chumba cha ushauri.

Kwa hiyo aambiwe waziwazi, na walio bora kumwambia ni wazazi wenyewe, mama akiwa amekaa naye na baba akiwa kwenye simu: "Mimi na babako hatutaishi tena nyumba moja. Si kwa sababu yako. Hakuna ulilofanya, na hakuna unaloweza kufanya ili turudiane. Mimi ni mamako, yeye ni babako, na hilo halibadiliki." Wakishindwa kuyasema pamoja, kila mmoja ayaseme peke yake kwa maneno yaleyale. Nao wawe tayari kuyarudia, kwa maana mtoto atauliza tena mwezi ujao kana kwamba hakusikia.

Kukojoa kitandani kunahitaji mambo mawili. Kwanza hospitali, apimwe mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo huleta hali hiyo hata kwa mtoto mwenye furaha tele, na daktari ataangalia sukari pia. Asipokutwa na ugonjwa, basi kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha na akarudia baada ya msukosuko wa nyumbani, mara nyingi ni wasiwasi. Asipigwe, asiitwe kikojozi, na dadake asimcheke. Godoro lianikwe mahali ambapo wenzake wa chuo hawatalipitia. Naona hili la godoro ni kubwa kuliko tunavyodhani. Katika vichochoro vyetu vya Lamu kila mtu hupita mlangoni kwa kila mtu, na mtoto wa miaka tisa ana heshima yake ya kulindwa. Apunguze vinywaji baada ya Isha, aamke aende msalani kabla nawe hujalala, na shuka abadilishe mwenyewe kimyakimya bila hotuba.

Ukimpeleka kwa mshauri, usitarajie kusikia siku ya kwanza kwamba "amesema". Mshauri anayejua watoto hamkalishi kitini akamuuliza, "Unajisikiaje wazazi wako walipoachana?" Humpa karatasi na rangi, au udongo, au vibao na wanasesere, akamwacha acheze. Anaweza kumwambia achore watu wote wa kwao. Hapo huangalia nani yuko karibu na nani, nani amechorwa mdogo, nani ameachwa nje ya karatasi, na mtoto mwenyewe amejiweka wapi. Mchoro mmoja hauthibitishi kitu, kwa hiyo mshauri akikupa hukumu nzima baada ya karatasi moja, tafuta mwingine. Mchoro humpa tu mtoto mahali pa kuanzia: "Huyu hapa ni nani? Anafanya nini?" Mara nyingi ni wiki ya tatu au ya nne ndipo maneno huja.

Kazi yenyewe, baada ya hapo, ni kumfundisha mtoto kutenganisha anayoyaweza na asiyoyaweza. Huko Rochester, New York, mwanasaikolojia JoAnne Pedro-Carroll na wenzake walianzisha miaka ya 1980 vikundi vya watoto wa wazazi walioachana, ndani ya shule, wakikutana kila wiki na mtu mzima aliyefunzwa. Wanacheza, wanapeana majina ya hisia zao, wanasahihishana dhana ya kwamba kosa ni lao, na wanapanga matatizo mafungu mawili. Baba na mama kugombana kwa simu ni tatizo ambalo mtoto hawezi kulitatua, kwa hiyo analiacha. Kusahau daftari Malindi anaweza kulitatua, kwa hiyo anafundishwa namna. Nimeona watoto wakipumua wanapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kuwapatanisha wazazi si kazi yao. Kama mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwake anaweza kuwakusanya wachache wa hali moja, mara moja kwa wiki baada ya masomo, ningempeleka huko kwa furaha hata kabla ya kutafuta mshauri wa peke yake.

Dadake ni habari nyingine, na naomba usimchanganye na mdogo wake kwa kuwa wamepatwa na jambo moja.

Msichana wa miaka 15 anayekataa kusikia jina la babake anaweza kuwa na sababu tatu au nne tofauti. Huenda amejitwika uchungu wa mamake, akaona kumpenda baba ni kumsaliti mama. Huenda alijua habari za ndoa ya pili kabla ya mamake, akaibeba siri hiyo peke yake. Huenda ana hasira za haki tu, na zitapungua akipewa nafasi. Au kuna jambo lilimpata katika nyumba ile, kutoka kwa baba au kwa mtu mwingine anayeingia na kutoka humo. Hatuwezi kujua bila kumuuliza, na hapaswi kuulizwa mbele ya watu. Mchukue peke yake, mwambie: "Sitakulazimisha kwenda. Nataka tu kujua kama kuna mtu yeyote kule aliyekufanyia jambo lisilofaa, au anayekutia hofu." Halafu nyamaza, umpe muda mrefu kuliko unavyoona inatosha. Akisema ndiyo, usimpigie simu baba yake, wala usiite kikao cha wazee. Piga 116, namba ya taifa ya kusaidia watoto. Ni bure na hupokewa saa 24. Na umpeleke hospitali na kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo. Mvulana naye azuiwe kwenda mpaka lijulikane.

Akisema hapana, bado asilazimishwe. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni ya mtoto yasikilizwe kulingana na umri wake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, mtoto akifikia umri wa kupambanua, kiasi cha miaka saba, hupewa nafasi ya kuchagua atakayekaa naye. Lakini hilo ni jambo la kuulizwa mbele ya kadhi, kwa utulivu, mara moja. Wajomba na mashangazi wanaomuuliza mvulana kwa mzaha "Wampenda nani zaidi?" wanamchagulisha kila Ijumaa, na ningeomba uwanyamazishe. Kwa msichana, baba aendelee kumpigia simu siku moja ya wiki inayojulikana, hata kama hapokei, na amwandikie ujumbe mfupi usio na lawama. Asichoke. Nimeona wasichana wakifungua ujumbe wa mwaka mzima siku moja. Na kama ameacha kula, hataki marafiki, anajikata, au anasema heri afe, hapo hatusubiri miadi ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyo.

Pa kuanzia ni karibu. Mwambie mwalimu umekubali, na umuulize kama shule ina mwalimu wa ushauri nasaha aliyesomea. Hospitali ya King Fahd, mtakapompima mkojo, ulizeni ni nani anayeshughulikia ushauri wa watoto. Ofisi ya afisa wa watoto pia huelekeza. Kama ni mshauri wa binafsi, iwe Lamu au Malindi, muulize amesomea wapi, amewahi kufanya kazi na watoto, na kama amesajiliwa, kwani washauri nasaha na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014. Asiyetaka kuulizwa hayo mwacheni. Usafiri ukiwa mgumu, 116 huzungumza na mtoto mwenyewe kwa Kiswahili, na huzungumza na wewe pia.

La mwisho, baba aambiwe. Mtoto akipelekwa kwa siri, mtakuwa mmempa siri nyingine ya kubeba hadi Malindi. Binti yako anaweza kumwandikia hivi tu: "Mwalimu ameshauri mtoto aonane na mshauri nasaha kwa wiki kadhaa. Si kwa ajili ya kukushitaki wewe. Mshauri angependa kuzungumza nawe pia. Tafadhali sema siku inayokufaa." Akikubali, mshauri atampigia simu ikiwa hawezi kuja Lamu. Akikataa au asijibu, uweke ujumbe huo, umwambie mshauri hivyo, na mtoto aende miadi yake.